Oktani si nguvu
Mwenye Subaru ya turbo na mwenye Vitz husikia ushauri uleule: jaza petroli ya oktani ya juu, gari litapaa. Sivyo. Oktani hupima jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo na joto ndani ya silinda bila kujilipukia yenyewe. Haipimi nishati iliyomo. Turbo hushindilia hewa nyingi ndani ya silinda, na petroli ya oktani ndogo hujilipukia mapema, injini ikaanza kugonga. Sensa ikiunasa mlio huo, kompyuta ya gari huchelewesha cheche ya plagi, nguvu zinashuka. Hapo oktani ya juu hurudisha tu kilichopotea, na gari la namna hiyo lisinyimwe. Vitz ya kawaida haiihitaji. Kama mfuko ni mwembamba, tafadhali, hela ya oktani ya juu iende kwenye plagi mpya, na breki kabla ya kingine chochote.