(a+b)² sio a² + b² jamani

Hapa Lamu watoto wa mtaani wakiniletea homuweki kosa ni lilelile, (a+b)² wanaandika a² + b² na wanasonga mbele kama hakuna kitu. Haya, chukua chumba cha mraba kila upande mita 5, yaani 3+2 (najua vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba sababu ya urefu wa boriti, lakini tuseme tu). Eneo 25, sio? Tandika mkeka wa 3 kwa 3 pembe moja, wa 2 kwa 2 pembe ya mkabala, jumla 13. Sasa 12 ziko wapi? Sakafu tupu hiyo, vipande viwili vya 3 kwa 2, ndo 2ab yenyewe (a ni 3, b ni 2), yaani (a+b)² ni a² + 2ab + b². Kwa hiyo (x+3)² ni x² + 6x + 9.