Kamba inayolegezeka ni nini?

Katika mchezo wa kushuka makorongo, watu hufuata mto kuelekea chini: hutembea, huogelea, na wakifika kwenye poromoko huteremka kwa kamba. Kamba hiyo hufungwa juu kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuikaza kwa fundo lisiloweza kupita kwenye pete ya nanga, yaani mahali kamba inaposhikizwa mwambani. Ya pili ni kuizungusha kwenye chuma chenye umbo la namba nane kilichobanwa kwenye nanga, ili aliyebaki juu aweze kuilegeza polepole hata kama kuna mtu ananing'inia. Hiyo ya pili ndiyo kamba inayolegezeka.

Umuhimu wake huonekana mtu anapokwama. Nywele au pindo la fulana likimezwa na kifaa cha kuteremkia, mtu husimama palepale. Kama maji yanamwangukia kichwani, hewa ni haba na baridi inamaliza nguvu za mikono. Kamba iliyokazwa humlazimu ajipandishe, au amsubiri mwenzake amfuate. Inayolegezeka humfikisha bwawani mara moja.

Ila lazima kamba ibaki juu. Poromoko likiwa la mita 20 na kamba ni ya mita 60, teremsha 20 tu. Zile 40 zikae juu kwenye mfuko wa kamba, maana ndizo za kumlegezea. Anayeitupa yote chini amejinyima msaada huo, na amejaza bwawa vitanzi vya kunasa miguu. Ncha nayo iishie usawa wa maji, bila fundo, mtu ateleze aachane nayo na kuogelea. Wapanda miamba hufunga fundo mwishoni wasije wakapitiliza na kuanguka. Kwenye maji ya kasi, fundo lilelile humshikilia mtu chini ya poromoko hadi azame.

Kwa hiyo nikiulizwa vifaa vipi ni bora, kwanza nauliza korongo lenyewe. Mengi ya Utah, Marekani, hayana maji yanayotiririka. Huko kukaza kwa fundo na kubeba kamba nyembamba ya kuivuta ile kubwa chini baada ya wote kushuka ni uamuzi mzuri, mzigo unapungua. Katika kisiwa cha Réunion, ambako mito huporomoka kutoka milima ya volkano, ningetaka kamba ilegezeke kwa kila mtu isipokuwa wa mwisho. Huyo hana wa kumlegezea, kwa hiyo nafasi hiyo apewe mzoefu, tena mwenye nywele zilizofungwa vizuri ndani ya kofia.