Je, graviti, yaani nguvu ya mvutano ya dunia, ndiyo inayojenga misuli?

Kwa ufupi: hapana, ila huleta mzigo. Msuli hautambui graviti yenyewe. Nyuzi zake hutambua mkazo, yaani nguvu inayopita ndani yake zinapovuta mfupa. Mkazo ukiwa mkubwa na ukarudiwa, seli hupata ishara ya kutengeneza protini mpya, na kazi hiyo huendelea kwa saa 24 hadi 48 baada ya mazoezi. Ndoo ya lita 20 ni nzito kwa sababu dunia inaivuta. Lakini kanyaga kipande cha tyubu ya baiskeli ukivute kwa mikono: mkazo utaupata na graviti haihusiki. Msuli hukua kwa vyote viwili, mradi kila seti, yaani mkupuo mmoja wa marudio, iishe ukiwa umebakiza nguvu ya kurudia mara mbili au tatu tu.

Wanaanga wanalijua hili vizuri. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwili unaelea, hivyo vigimbi, mapaja na misuli ya mgongo, ambayo huku chini hutusimamisha kutwa, husinyaa upesi. Ndiyo maana wanatengewa kama saa 2 za mazoezi kila siku, na mashine yao ya kunyanyulia hutumia mitungi yenye ombwe, yaani iliyoondolewa hewa ndani, kwa kuwa chuma huko hakina uzito. Lakini hata duniani, mguu uliofungwa hogo wiki 6 hutoka umekonda, ingawa graviti haikwenda popote. Kilichokosekana ni mkazo.

Sasa tuje Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Mtu wa kilo 70 akitoka Dar es Salaam, uzito wake hapa haupungui hata kwa gramu 40. Hewa ndiyo inayobadilika: kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, ni pungufu kwa kama asilimia 18, kwa hiyo mgeni huhema mapema na kukatisha mazoezi. Hapo lawama ni ya uchache wa oksijeni.

Graviti huonekana hasa wakati wa kushuka. Kupanda Loleza, mlima ulio kando ya mji huu, hukuchosha pumzi. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja. Kila hatua ya kushuka, msuli wa mbele wa paja hukaza huku ukirefushwa, ukifanya kazi ya breki. Katika hali hiyo nyuzi chache hubeba mzigo wote, na baadhi hupata michubuko midogo sana. Maumivu hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na utayajua vizuri ukichuchumaa chooni. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, lakini hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi. Kwenye ukarabati, chembe nyeupe za damu husafisha mabaki, kisha seli satelaiti zilizolala pembeni mwa nyuzi huamka na kuungana nazo.

Kosa la kawaida ni kurudia mteremko uleule kesho yake, nguvu haijarudi. Anza na mteremko wa dakika 15 hadi 20, hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, halafu subiri siku 4 au 5. Safari ya pili itauma kidogo sana, kwani msuli ukishaonja mteremko mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa.

Kulala usiku hakuzuii ukarabati, ingawa ukiwa kitandani misuli haibebi mzigo. Kinachozuia ni chakula hafifu. Lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, yaani kama gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Maharage makavu gramu 100 yana kama 21, glasi ya maziwa 8, yai 6. Ugali na mboga za majani pekee havifikishi huko.

Mapaja yakivimba sana na mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, usimeze dawa za maumivu ukangoja. Nenda hospitali siku hiyohiyo: mabaki ya msuli uliovunjika yanaweza kuharibu figo.