Kuchagua rivolva ya kipenyo kidogo kwa ajili ya kujilinda: triga kwanza, teke baadaye

Mtu ambaye mikono yake haina nguvu, ama kwa uzee, ama kwa baridi yabisi, ama kwa umbile tu, akiuliza achukue bastola gani ya kujilinda, karibu kila mara hujibiwa achukue rivolva ndogo (bastola yenye silinda inayozunguka) ya .22, yaani ya risasi yenye kipenyo cha karibu inchi 0.22, kwa kuwa haina teke, ule msukumo wa kurudi nyuma bastola inapopiga. Mimi ni mkufunzi wa matumizi ya bastola, na kila ninaposikia ushauri huo huingiwa na wasiwasi. Si kwamba ni wa uongo. Ni kwamba unatibu tatizo moja na kuongeza la pili, ambalo mara nyingi ndilo kubwa zaidi. Teke hutokea risasi ikiwa tayari inatoka. Kabla ya hapo kuna kazi ya kuvuta triga, na kazi hiyo ndiyo inayoamua iwapo risasi itakwenda ilikokusudiwa.

Rivolva ya kujilinda hupigwa kwa mvuto mmoja mrefu wa triga, ambao huzungusha silinda ili tundu lenye risasi mpya lije nyuma ya mtutu, wakati huohuo ukairudisha nyundo nyuma, na mwishowe ukaiachia. Kwa rivolva nyingi ndogo mvuto huo hudai nguvu ya kama kilo 5, na bastola yenyewe, ikiwa na fremu ya aluminiamu, ina uzito wa gramu 400 na kidogo. Maana yake ni kwamba kidole kimoja kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha zaidi ya mara kumi, huku vidole vingine vikitakiwa kuishika isiyumbe. Anayeshindwa na kazi hiyo hujulikana upesi. Mtutu unatulia mwanzoni, kisha mvuto unapokaribia mwisho kiganja chote kinakaza kwa pamoja, mdomo wa mtutu unainama chini na kwenda kando, na risasi inatoka wakati huohuo. Hata angepewa bastola isiyo na teke kabisa, angekosa vilevile.

Hapa ndipo .22 inapoleta ugumu wake. Katika risasi ya .22 Long Rifle, ambayo imekuwapo tangu 1887, kemikali ya kuwasha baruti haikai katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa, bali imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako chenyewe. Pini lazima iuponde ukingo huo ndipo kemikali iwake, na kazi hiyo hutaka kipigo kikali, kwa hiyo watengenezaji huweka springi ya nyundo iliyo ngumu zaidi. Matokeo yake ni kwamba rivolva za muundo uleule mara nyingi huwa na triga nzito zaidi zikiwa za .22 kuliko zikiwa za .38. Yule mwenye mikono dhaifu amepunguziwa teke, ambalo pengine angelivumilia, akaongezewa triga, ambayo haiwezi. Na asikubali fundi amlainishie triga hiyo kwa kukata springi au kuweka iliyo dhaifu, kwa sababu kinachopungua hapo ni kile kipigo kinachowasha risasi.

Kuwaka kwenyewe ni suala linalostahili kutazamwa kwa karibu. Kemikali huingizwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha husukumwa ukingoni kwa kuzungushwa, na pakibaki sehemu ambayo haikufikiwa vizuri, pini ikigonga hapo risasi haitoki. Ukiitoa risasi iliyogoma na kuigeuza kitako juu, utaona alama ya pini imezama vizuri ukingoni, mstari mfupi uliobonyea, na bado kichwa cha risasi kimekaa palepale. Ukiirudisha tunduni baada ya kuigeuza ili pini igonge upande mwingine, mara nyingi hulipuka kama kawaida. Mazoezini, risasi ikigoma, elekeza mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua silinda, kwa kuwa baadhi huchelewa tu kuwaka. Katika hatari halisi hakuna nafasi ya kusubiri, na hii ndiyo sababu naona kwamba atakayelazimika kutumia .22 afadhali awe na rivolva kuliko bastola ya magazini, ambayo risasi ikigoma hutaka mikono yote miwili ili kuitoa: mwenye rivolva huvuta triga tena, tundu jingine likaja, bila kuhitaji mkono wa pili wala utulivu ambao wakati huo hanao.

Sasa tuje kwenye kazi ya risasi ikishatoka. Mwaka 1986 katika mapambano ya risasi ya Miami, Marekani, ambamo maajenti wawili wa FBI, idara ya upelelezi ya nchi hiyo, waliuawa, risasi moja ilipita mkononi mwa mmoja wa majambazi, ikaingia kifuani na kukomea karibu na moyo bila kuufikia; mtu huyo akaendelea kupigana. Baada ya tukio hilo FBI iliweka kipimo kinachotumika hadi leo, kwamba risasi ipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani takriban sentimita 30 hadi 46, katika jeli maalumu inayowakilisha nyama ya mwili. Anayedhani sentimita 30 ni nyingi mno akumbuke kwamba anayeshambulia huwa amenyoosha mikono mbele, amevaa nguo, na mara chache husimama akiwa ameelekea moja kwa moja.

Kwa risasi ndogo, kipimo hiki hubadilisha uchaguzi wote. Risasi yenye shimo kichwani imetengenezwa ili itanuke ikiingia mwilini, lakini kutanuka hula nguvu, na risasi ya .22 yenye uzito wa gramu 2.6 ikitoka kwenye mtutu wa sentimita 5 haina nguvu za kugawana. Ama haitanuki kabisa, na hapo shimo lake halina faida, ama inatanuka na kukomea njiani. Kwa hiyo kwa .22 napendekeza risasi isiyo na shimo, ya gramu 2.6, ya kasi kubwa, kutoka kwa mtengenezaji mwenye sifa ya risasi zinazowaka. Kampuni ya risasi ya Federal ilileta sokoni mwaka 2021 risasi ya .22 iitwayo Punch, iliyobuniwa kwa lengo hili hasa la kupenya kutoka mitutu mifupi, na fikra yake ni sahihi.

Kuhusu .22 Magnum ya mwaka 1959, ambayo ni .22 yenye ganda refu na nguvu zaidi, usidanganywe na namba za kwenye kasha. Kasi ya mita 580 hivi kwa sekunde hupatikana kwenye mtutu mrefu wa bunduki. Kwenye rivolva ya mfukoni hushuka hadi karibu mita 300, na baruti isiyowahi kuungua ndani ya mtutu huungulia nje kwa mwale mkubwa na mlio unaoumiza. Inazidi Long Rifle, lakini kwa kiasi kidogo kuliko bei yake, na triga yake ni nzito vilevile.

Ninachokipenda kwa dhati ni familia ya .32, na inasikitisha kwamba wengi huiruka. Risasi hizi huwashwa katikati ya kitako, kwa hiyo si lazima triga iwe nzito kama ya .22, na uhakika wa kuwaka ni wa juu zaidi. Ile ya zamani, .32 S&W Long ya 1896, ina teke dogo mno; .32 H&R Magnum ya 1984 ina nguvu zaidi na bado hushikika; .327 Federal Magnum iliyokuja 2007 ni kali kwelikweli, na kwenye bastola nyepesi simshauri mtu mwenye mikono dhaifu aiguse. Uzuri ni kwamba kilichoongezeka hatua kwa hatua ni urefu wa ganda, hivyo rivolva ya .327 hupiga zote tatu, ilhali ya .32 S&W Long haipaswi kamwe kutiwa zile mbili zilizokuja baadaye, zenye nguvu zaidi. Tena, katika fremu inayobeba risasi tano za .38, silinda ya .32 hubeba sita. Kasoro yake ni upatikanaji: kabla hujanunua bastola, hakikisha risasi zake zinapatikana karibu nawe mwaka mzima, la sivyo hutafanya mazoezi.

Pale ambapo .32 haipatikani, tazama .38 Special yenye risasi bapa ya gramu 9.6, ile itumikayo katika mashindano ya shabaha. Huenda polepole, teke lake ni la upole kwa kipenyo hicho, hupenya vya kutosha, na kwa ubapa wake hukata tundu safi badala ya kusukuma nyama kando. Ubapa huohuo hufanya iwe vigumu kuiingiza upesi kwenye silinda, na hasara hiyo naikubali.

Kuhusu bastola yenyewe, chagua isiyo na nyundo ya nje, kwa kuwa nyundo hunasa nguo, na jaribu triga ikiwa tupu, umeikagua mwenyewe, kabla ya kulipa. Uivute mara kumi mfululizo kwa kasi ya kawaida. Kama mara ya nane kidole kimeanza kutetemeka, hiyo si bastola yako. Kwa .22 nyingi fanya hivyo na risasi bandia ndani, kwani pini ikigonga ukingo wa tundu tupu huweza kuharibu vyote viwili. Chuma ni kizito kuliko aluminiamu, lakini uzito humeza teke na kutuliza mtutu, kwa hiyo kwa silaha itakayokaa nyumbani sioni sababu ya kuukimbia. Vidole visiwe kamwe kando ya pengo lililo kati ya silinda na mtutu, kwa maana moto hutoka hapo.

Ukishaichagua, piga angalau risasi 200 za chapa ileile utakayoitegemea, ukiwa umeziba masikio na kuvaa miwani. Rivolva za .22 huchafuka haraka. Masizi yakijaa kwenye matundu maganda hunata, na fimbo fupi ya kuyasukumia haiyatoi yote, kwa hiyo jizoeze kuelekeza mtutu juu unapoipiga kwa kiganja. Sheria ya leseni ya mahali ulipo ndiyo itakayosema unaruhusiwa nini, na hiyo huisomi mwisho, unaisoma kabla ya yote. Silaha isiyo mwilini mwako iwe kwenye kasha la chuma lililofungwa, kwa sababu triga ya kilo 5 haimzuii mtoto: huweka vidole gumba viwili na kuivuta. Risasi ulizobeba zibadilishe kila mwaka, kwa kuwa mafuta ya bastola na jasho hupenya taratibu hadi kwenye baruti, na zile za zamani zipeleke uwanjani uone ni ngapi bado zinawaka.