Baiskeli haimalizi nguvu za kiume

Hapa Malindi ukimwambia kijana aende kazini na baiskeli anacheka, anakwambia "mimi bado nataka watoto". Haya maneno tumeyasikia toka kwa wazee, na ajabu ni kwamba hao wazee wenyewe walikuwa wakipiga pedeli toka Gede mpaka mjini na madumu nyuma, na nyumbani watoto tele.

Si kwamba hakuna kitu kabisa. Ukikalia kiti chembamba umeinama mbele, saa nzima hunyanyuki, uzito wote unaangukia pale katikati ya mapaja penye mishipa ya damu na ya fahamu, ikibanwa unakufa ganzi, na mtu akisikia ganzi sehemu ile ataogopa tu, mimi simlaumu. Lakini kwa kawaida ukinyanyuka damu inarudi na ganzi inaisha. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya waendesha baiskeli wanaume zaidi ya 5,000, hawakuona kwamba anayeendesha sana ndo ana shida ya nguvu au ya kupata watoto. Kinachomaliza watu ni kisukari, presha na sigara, na hizo mbili za kwanza baiskeli inasaidia kuzishusha.

Sasa angalia kiti chako. Kiwe na upana wa kubeba mifupa ya makalio, pua yake isitazame juu, na kwa matuta simama kwa pedeli. Ganzi ikikurudia kila mara badilisha kiti, isipoisha muone daktari.