Tugambire: wimbo unapomtuma msikilizaji

Wanafunzi wangu wa muziki huniuliza wimbo wa kudai haki unatambulikaje. Wengi hutarajia nitaje ngumi hewani na maneno makali. Mimi huanza na kitenzi kimoja cha Kiganda: tugambire.

Kisikilize kwa sikio la Kiswahili. Gamba ni ndugu wa amba. Ila "tuambie" yetu inataka sisi tuambiwe, na tugambire inaomba: tusemee, nenda useme kwa niaba yetu. Bobi Wine, mwanamuziki wa Uganda, alipoimba Tugambire ku Jennifer, ujumbe ulikuwa wa Jennifer Musisi, aliyeshika uongozi wa Mamlaka ya Jiji la Kampala mwaka 2011, enzi ambayo wachuuzi walifukuzwa barabarani na vibanda vikavunjwa. Wimbo uliomba apunguze ukali, wanyonge nao wapate riziki. Lakini angalia nani anapewa kazi ya kufikisha ombi: ni wewe unayesikiliza. Muuza ndizi akiuimba, keshakuwa mjumbe. Utamkamata nani, barua ikiwa imebebwa na mji mzima? Kwangu mimi, nguvu ya nyimbo hizi iko hapo kuliko kwenye ukali wa maneno.

Mbinu yenyewe ni ya wazee. Kadongo kamu, muziki wa gitaa moja wa Buganda, umeishi kwa mafumbo: unasimuliwa kisa cha mume na mke, nawe unajua mwenyewe nyumba inayosemwa. Mwimbaji Ronald Mayinja alipotoa Tuli ku Bunkenke, yaani tunaishi roho juu, alianza na tu- ile ile tunayoitumia sisi katika "tuko". Hata anayekijua Kiswahili tu, lugha ambayo wengi hapa Uganda bado wanaihusisha na kambi za jeshi, husikia kwamba naye amehesabiwa.

Mwaka 2017, Bunge likiondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa mgombea urais, Bobi Wine, wakati huo mbunge wa Kyadondo Mashariki, aliweka mafumbo kando na kutoa Freedom. Jumatatu ya Pasaka, Aprili 2019, polisi walizuia tamasha lake Busabala, nje kidogo ya Kampala.

Majuma machache baadaye nilikuwa kwenye taksi, yaani basi dogo la abiria, ya kwenda Ntinda, mtaa wa Kampala, redio ikipiga wimbo wake. Kizuizi cha polisi kilipoonekana mbele, dereva akazima. Tulikuwa tumefika kwenye kiitikio: kifupi, sauti isiyopanda sana, hata asiye mwimbaji anaingia. Mama aliyepakata mfuko wa matoke akaendelea nacho, midomo imefumbwa, kidole kikigonga mfuko. Kijana wa kiti cha nyuma akampokea. Askari alichungulia dirishani, akakagua leseni, akatupungia tupite. Tulipovuka, hakuna aliyemkumbusha dereva kuwasha redio. Kiitikio kilikuwa tayari kimefika kwa konda.