Namba tasa za tarakimu teule

Namba tasa ni namba nzima inayozidi 1, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Sasa ongeza sharti: iandikwe kwa tarakimu chache tu ulizozichagua. Ukichagua 0 na 1, unapata 11, 101, 10111, 101111. Ukibaki na 1 peke yake, unapata 11, kisha hupati nyingine mpaka uandike 1 mara 19 mfululizo, halafu mara 23. Inayofuata ina 1 mara 317.

Masharti mengine huua mchezo mapema. Tarakimu shufwa tupu zinatoa 2, basi. Tarakimu 3, 6 na 9 zinatoa 3 tu, kwa kuwa jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 3, namba nayo hugawanyika. Ndiyo maana hata upange 1 hadi 9 utakavyo, kila moja mara moja, hupati tasa: jumla ni 45. Ninayoipenda zaidi ni seti ya 1, 4 na 7. Kwenye tarakimu mbili, 17, 41 na 47 ni tasa, lakini kila moja ya 1, 4 na 7 ikigawanywa kwa 3 hubakiza 1, kwa hiyo kwenye tarakimu tatu usihangaike kutafuta. Zote zinagawanyika kwa 3.

Ugumu uko kwenye swali hili: je, tasa za namna hii zinaendelea bila kikomo? Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho, ila hoja yake haigusi tarakimu. Utasa ni suala la kuzidisha. Tarakimu ni suala la namna tunavyoandika. Tena namba zenyewe huadimika haraka: kati ya namba zote zisizozidi tarakimu 50, zisizo na 7 hata moja ni kama nusu asilimia tu. Hata hivyo James Maynard wa Oxford, aliyepata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2022, alithibitisha kwamba ukipiga marufuku tarakimu moja, yoyote ile, tasa zinazobaki bado hazina mwisho.

Hiyo ni kuondoa moja. Kubakiza 0 na 1 tu, bado hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Kwenye uandishi wa kompyuta, unaohesabu kwa mbilimbili, tasa za 1 tupu ni maarufu: 3 ni 11, 7 ni 111, 31 ni 11111. Iliyotangazwa Oktoba 2024 kuwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ni ya aina hii, yenye 1 mara 136,279,841.